Bidoni Tupu Zilizombeba Mama

Habari ya kifo chake ilinifikia asubuhi, nikiwa nimevaa kiatu kimoja na kutafuta cha pili chini ya kitanda. Mwalimu wa sayansi, jirani yangu hapa mtaani Nyamianda, upande wa chini unaopakana na ziwa, hatunaye tena. Alikuwa ameugua muda mrefu, kwa hiyo siwezi kusema nilishtuka. Nilihuzunika tu. Nikakaa kitandani na kiatu changu kimoja, nikautazama mwanga wa ziwa ukichezacheza darini kama ufanyavyo kila asubuhi, hata nikasahau nilichokuwa natafuta.

Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba sipendi kuwapamba marehemu. Huyu alikuwa mbishi, chai yake ilikuwa sukari tupu, na ukimpa salamu alikurudishia somo. Shuleni kwake hapakuwa na maabara. Akifika kwenye tungamo, ujazo na densiti, alitundika kijiti kwa uzi, akaning'iniza sahani kila upande, kisha akachukua makopo mawili yaliyo sawa, yale ya maziwa ambayo mama zetu sokoni hupimia kila kitu. Moja alilijaza ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu, jingine mchanga wa ufukweni. Siku moja nilipita dirishani nikasimama kumsikiliza. "Kopo ni sawa, hakuna kubwa hapa," aliwaambia wanafunzi. "Sasa mbona kijiti inalala upande ya muchanga?" Msichana mmoja akajibu, "Muchanga iko muzito, Prof." Akacheka. "Muzito kuliko nini? Gunia muzima ya ndagala inashinda hiyo kopo yako. Sema hivi: mu nafasi moja, muchanga imejibana zaidi." Niliondoka pale nikiitazama kila kitu njiani, mawe, mikate, hata watu, nikijiuliza kila kimoja kimejibana kiasi gani.

Kisha ziwa likapanda. Mliokuwa hapa mnakumbuka jinsi lilivyoingia mitaani bila kelele, likakaa. Nyumbani kwetu sufuria zilihama zenyewe kutoka chumba hadi chumba, mwiko ukazunguka mlangoni kama mgeni anayeona haya kubisha hodi, na kandambili za watoto zikaelea taratibu kuelekea jikoni. Karibu ingependeza, kama si Mama. Miguu yake ilikuwa imeshakufa ganzi, naye alikuwa amelala kitandani, maji yakigusa godoro, na ukuta wa tofali mbichi nyuma yake ukiendelea kulainika. Kichochoro chetu ni chembamba na chenye kona, mtumbwi haupiti. Kumbeba mgongoni katika matope yale, maji yakifika kiunoni, nilijaribu, tukateleza wote wawili mlangoni. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Mwalimu akaja akiburuta mlango wa nyumba yake mwenyewe, aliokuwa ameung'oa, na chini yake amefunga madumu matupu ya mafuta ya mawese, yale ya njano tunayoyaita bidoni. Mama akayatazama, akageuza uso.

"Bidoni? Kitu mwepesi vile itabeba muntu? Leteni mbao muzito."

"Mama, huo wepesi njo unabeba, ndio huo huo," Mwalimu akasema. "Nataka tu kujua uzito yako, nione kama bidoni zinatosha. Kule juu barabarani kuko mizani ya wauza samaki, nitaileta."

"Kunipima? Minye si ndagala!"

Tulimbembeleza, wapi. Ukuta ukadondosha kipande cha udongo majini. Mwalimu hakubishana naye, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza. Alikwenda pembeni, akalipapasa chini ya maji jiwe la Mama la kusagia, akalinyanyua kwa kuhema, akaketi nalo mapajani juu ya ule mlango, suruali ikimtiririka. Bidoni zikazama kidogo, zikasimama. Akawa anaelea mbele ya kitanda, akizunguka polepole, jiwe mapajani, na bado anafundisha: "Unaona, Mama? Bidoni imesukuma maji, imechukua nafasi yake. Hayo maji iliyosukuma njo inatubeba. Ingekuwa imejaa, haingebeba kitu."

Mama akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanze kuugua. "Kama inabeba weye na jiwe yangu, basi hata minye." Tukamlaza, tukamsukuma hadi barabarani, ameshika shuka lake kifuani na kutazama mapaa yakimpita. Jioni ukuta ulianguka upande wa kitanda.

Tangu nipate habari hii nimekuwa nikiwaza tunavyopimana katika mji wetu. Tunamheshimu aliyejaa: mwenye sauti nzito, mwenye gari zito, mwenye mambo mengi hata hana pa kukuweka. Mwalimu alikuwa na nafasi. Ukimpelekea shida yako, hata kama yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kulipa kodi, ilipata pa kukaa. Nadhani somo lake lote lilikuwa hilo, nami nililisikiliza miaka mingi dirishani nikidhani ni la wanafunzi. Natamani ningemwambia hivyo akiwa hai.

Siku ya mazishi Mama alitaka kukaa kwenye kiti chake kando ya njia. Jeneza lilipofika mbele yake, aliinua mkono, wabebaji wakasimama.

"Iko muzito?" akawauliza.

Ugonjwa ulikuwa umemmaliza Mwalimu, kila mtu alijua.

"Hapana, Mama," mmoja akajibu kwa sauti ya chini. "Iko mwepesi sana."

Mama akaliwekea jeneza kiganja chake, akakiacha hapo.

"Njo vile," akasema. "Hata zile bidoni zilikuwaka nyepesi."