Nukta Zilizokosekana Ukutani

Neema mdogo wangu, bado naikumbuka Jumamosi ile katika maabara ya shule. Jumatatu wakaguzi walikuwa wanakuja kuona kazi yangu. Ikishindikana, kikundi kingine kingekwenda badala yetu kwenye maonyesho ya sayansi ya mkoa.

Nilikuwa nimechora mistari kwa kanuni. Kwenye kila nafasi, ama nachora ama naruka. Kisha narudia kipande chote kinyume, nilipochora naruka, niliporuka nachora, na kuendelea hivyo. Studio ya mjini ikaupiga picha mchoro huo, tukatumia negativu, yaani filamu yake, yenye mistari midogo sana. Mwalimu Ndahani alikuwa na tochi ya leza, mojawapo ya zile zenye umbo la kalamu zilizokuwa zimeanza kuletwa madukani kutoka Dubai. Mwanga ukipenya mistari myembamba hutawanyika, na mpangilio wake hutokea ukutani kama nukta kali. Hiyo ndiyo difraksheni.

Kwangu zilitoka nukta chache tu, ambazo nafasi zozote zilizopimwa sawasawa huzitoa. Katikati yake, ukungu tu.

“Dada, hii si hesabu, ni vumbi la barabara ya Ihumwa,” alisema Salma, mwenzangu wa dawati.

Nilicheka naye huku machozi yakinilenga. Nikamnong'oneza Mwalimu kwamba tuiache kazi hiyo, haina mpangilio.

“Kanuni si umeitunga mwenyewe?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Sasa mpangilio umekwenda wapi? Mwanangu, ukuta unakujibu ulichouliza tu. Linganisha kila nafasi na jirani yake. Zikitofautiana, chora. Zikifanana, ruka.”

Nikachora upya kutokana na mchoro ule ule wa kwanza. Mpiga picha wa studio alitusaidia Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo Jumatatu tuliwasha tochi mbele ya wakaguzi bila kujaribu kwanza. Salma akanishikia tochi, nami nikashika negativu. Katikati ya nukta za zamani zikatokea nyingine, safi kabisa. Zilikuwemo ndani ya kanuni tangu mwanzo. Picha ya kwanza haikuweza kuzionyesha.

“Vumbi limetulia,” Salma akaninong'oneza.

Keshokutwa unapanda basi la Kondoa kuanza kidato cha kwanza, na jana ulilia kwamba hujui kitu. Usikubali jibu moja likueleze wewe mzima. Swali likikushinda, omba liulizwe kwa namna nyingine, hata sauti ikitetemeka. Yangu bado inatetemeka. Mungu akutangulie njiani, akupe walimu wenye subira, na rafiki wa kukushikia tochi.