Sungura wa Wales Azunguka Kuze

Nilikuwa mpishi wa shule moja Voi. Miaka kumi na miwili nilisonga ugali na kuchemsha maharagwe kwa sufuria za kumwogeshea ng'ombe. Kabla ya hapo nilimpikia bibi mmoja wa Kizungu kule Wundanyi, naye akanifundisha chakula ninachokipenda kuliko vyote: mkate uliochomwa, juu yake jibini iliyoyeyushwa na haradali. Kwa Kizungu cha zamani kiliitwa sungura wa Wales. Sungura mwenyewe hayumo, msimtafute.

Basi mwaka mmoja wa tisini na kitu, Bi Zuhura, aliyekuwa jirani yangu pale Voi mumewe alipofanya kazi reli, aliniandikia kutoka Mombasa. Kuna Mgoa mzee, mwenye nyumba ya wageni Kizingo, anatafuta mpishi anayejua chakula hicho hicho. Mume wangu akaniuliza, "Yaani uache shule kwa ajili ya mkate?" Nikamwambia naam, na nguo nimeshafunga. Maharagwe yalikuwa yamenichosha mpaka nikawa nayaota.

Jumapili asubuhi nilipanda basi Voi, jibini yangu kapuni, imeviringishiwa kitambaa kibichi isiyeyuke. Ilikuwa kipande kimoja tu cha kupikia mara moja. Tulipofika Kibarani, kwenye jaa la taka, harufu ikaingia dirishani, na abiria wote wakageuka kulitazama kapu langu. Mzee mmoja akaniomba kwa adabu nimfunge vizuri huyo samaki wangu. Tulivuka Makupa kuingia kisiwani, harufu ikaisha, na hakuna aliyeniomba radhi.

Saa sita nikateremka Mwembe Tayari, na kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa mtaa wa Kuze, mlangoni kwa Bi Zuhura. Tuliamkiana mpaka tukawamaliza watu wa Voi wote, wazima na wagonjwa. Kisha akachungulia kapuni.

"Na huyo sungura amechinjwa na nani?"

"Hakuna sungura, shoga. Ni jibini."

"Kwa nini basi wamsingizie?"

Nilimweleza kwamba kesho saa mbili asubuhi nakwenda kujaribiwa na yule Mgoa, nami nataka nijaribu kwa kipande kidogo tu, mkono uzoee tena.

Saa kumi alasiri nikawasha jiko la makaa. Asili hutiwa bia, lakini nyumbani kwa watu wa swala nilitia maziwa. Jibini ikaanza kutokota, harufu ikatoka dirishani ikashika njia. Bi Zuhura akasimama, mkono kiunoni.

"Pika yote."

"Ya kesho je?"

"Harufu imeshaingia kwa watu. Wewe wataka majirani wangu wanuse, wasile? Mimi nitapita wapi kesho?"

Kwa mtu wa Kuze hilo halina mjadala. Nikapika yote, roho inaniuma, nikijiambia nitanunua nyingine asubuhi. Bi Zuhura akajifunga buibui, akapeleka sahani kwa majirani wanne, zimefunikwa vizuri. Wote wanne walisema ni tamu mno. Hakuna aliyetia mdomoni. Sisi tulibaki na makombo.

Baada ya magharibi, hodi ya kwanza. Alikuwa mama mmoja wa nyumba ya pili kutoka kwa jirani wetu, na sahani mkononi: "Nimewapikia kitu kidogo." Nikafunua. Ulikuwa mkate wangu, umenyunyiziwa sukari. Hodi ya pili, mkate wangu na nazi ya kukuna. Hodi ya tatu, mkate wangu na yai la kuchemsha juu yake, limekaa kama balozi. Ndipo nikaelewa. Kila aliyepewa alishindwa kuula, akaona haya kuutupa, akampa wa nyumba inayofuata, naye akauongezea kitu akautoa tena. Bi Zuhura alipokea kila sahani kwa uso mkavu na shukrani ndefu. Mlango ukifungwa, anakaa chini anacheka hadi machozi.

Wa mwisho alikuwa Bi Rukia, mjane wa nyumba ya nyuma, mshona kofia. Alikuwa na bakuli la Bi Zuhura tangu wiki iliyopita, na bakuli halirudi tupu. Mkate wake ulikuwa umerudishwa makaani, ukapakwa ukwaju na pilipili na kitu kingine. Nikaonja. Nikaonja tena, kisha vipande vilivyobaki nikavificha kapuni.

Jumatatu saa mbili maduka yalikuwa bado hayajafunguliwa, nami nikaenda Kizingo na vipande vya Bi Rukia. Mgoa akavipasha moto, akala cha kwanza amesimama, cha pili ameketi.

"Nimekula hiki chakula miaka hamsini," akasema, "na hakijawahi kuwa na ladha. Uanze leo. Huu ukwaju umeuchanganya na nini?"

"Na pilipili."

"Na nini tena?"

Nilitazama dari. Ningeweza kusema bizari, ningesema chochote, lakini kesho yake angeniambia nipike.

"Sijui, bwana. Si mimi niliyeutia. Ni Bi Rukia wa Kuze."

"Anakaa nyumba gani?"

Nilikasirika, sitawadanganya. Nilikasirika njia nzima hadi Kuze, na nilipompa Bi Rukia habari kwamba Mgoa anamtaka yeye jikoni, nilikuwa bado nimekunja uso. Akaacha sindano. "Mimi? Sijaajiriwa tangu nizaliwe." Akaanza kulia, akanishika mikono yote miwili, na hasira ikakosa pa kukaa.

Jumanne nilirudi Voi, kwenye sufuria zangu za shule. Nilichojifunza ni hiki: ukikigawa chakula, usikifuate nyuma kukidai sifa. Kwangu nilimkuta mume wangu uani.

"Haya, umepata kazi?"

"Nimepata."

"Unaanza lini?"

"Imeshaanza bila mimi," nikasema, nikaingia ndani kuloweka maharagwe.