Jina la Kwanza Nyuma ya Mlango

Fundi Asukile alikuwa na desturi ya kuangalia viatu vya mtu kabla ya kumtazama usoni, na alipofika usoni mara nyingi alikuwa ameshakata shauri. Kisigino kilicholika upande mmoja kilimwambia kwamba mwenyewe ni mvivu. Soli mpya kwenye kiatu kikuukuu ilimwambia kwamba kuna jambo linafichwa. Alishona viatu miaka ishirini kwenye kibaraza cha duka karibu na soko la Mbeya, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema fulani ni mtu safi. Akitaka kumsifu mtu sana sana alisema, "Huyo bado sijamjua vizuri."

Usimdhanie ubaya. Alikuwa mzee wa kanisa, Mmoraviani wa kuzaliwa, mume wa Damari na baba wa Sekela, na mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kudanganywa. Aliogopa kiasi kwamba aliona heri awashuku watu tisa wasio na kosa kuliko kumkosa mmoja mwenye nalo.

Jumamosi jioni, baada ya soko kupungua, rafiki zake wawili walikuja kukaa naye. Mmoja alikuwa Jailos, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. Wa pili alikuwa Edmund, karani wa posta, mtu wa maneno machache yenye pilipili. Wote watatu walikuwa wagonjwa wa timu ya Radi. Watu wa timu nyingine hukaa wakawasifu mashujaa wao. Hawa wa Radi, kwa kuwa timu yao ilifungwa zaidi ya ilivyofunga, walibishana juu ya wachezaji wabovu tangu timu ilipoanza mwaka 1934. Nyuma ya mlango wa stoo ya Asukile kulikuwa na orodha ya chaki, majina manne, mbovu kuliko wote akiwa juu.

Jina la nne lilikuwa la Saulo, winga wa zamani, ambaye kwa kuwa uwanja ulikuwa na mteremko alikubali kukimbia kipindi kimoja tu, kile cha kushuka. La tatu lilikuwa la Yotamu, aliyempiga chenga refa. La pili lilikuwa la Ambrosi, mlinda mlango wa mwaka 1937, aliyegeuka kuangalia ndege ya barua ikitua, akafungwa bao na mtoto wa shule.

"Ambrosi apande juu," Jailos alisema jioni ile ya Februari 1957, kama alivyosema kila Jumamosi. "Mtu anaacha mpira anaangalia ndege!"

"Ambrosi alikuwa mjinga," Asukile akajibu, uzi mdomoni. "Mjinga hana kosa. Wa juu alijua anachofanya."

Wa juu alikuwa Filemoni Kalinga, Mhehe wa Mlandege kule Iringa, aliyekuja Mbeya kufanya kazi ya useremala na kuwa beki wa Radi. Mwaka 1948, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, Radi walikwenda Iringa kucheza na vijana wa Mlandege. Mechi ilipigwa saa tatu asubuhi ili lori liwahi kurudi nyumbani kwa sikukuu. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa tope. Dakika za mwisho, bila bila, mpira ulimjia Filemoni polepole, hata bibi kizee angeupiga. Filemoni akaanguka chini peke yake, mpira ukamgonga goti ukaingia golini kwake. Radi wakarudi Mbeya na bao moja la kujifunga.

Asukile alikuwa na ushahidi wake, na aliutaja kwa vidole. Kwanza, mechi ilipokwisha wenzake wote walivua viatu wakaosha tope, yeye akakataa kuvua. Pili, hakurudi na lori, alibaki Iringa kwa ndugu zake. Tatu, miezi miwili baadaye alionekana Mbeya juu ya baiskeli mpya.

"Baiskeli!" Asukile alisema. "Seremala wa mwaka ule! Niambieni ilitoka wapi."

Hakuna aliyeweza kumwambia. Filemoni hakuchezea Radi tena, na hakuwahi kujitetea. Kwa Asukile, kunyamaza kule kulikuwa ushahidi wa nne.

Jioni ile lakini Edmund alikuwa na habari. "Fundi, nasikia huyo Kalinga anakuja kwako kesho. Mdogo wake Danieli, yule mganga msaidizi wa hospitali, anamtaka Sekela. Kaka mtu ndiye mshenga."

Asukile aliijua habari hiyo wiki nzima, na wiki nzima hakulala vizuri. Sekela alikuwa amemwambia mama yake waziwazi kwamba akikataliwa Danieli hataolewa na mwingine, na Damari alikuwa ameacha kumwekea mumewe maziwa kwenye chai. Danieli mwenyewe hakuwa na kasoro. Asukile alikuwa ameshachunguza viatu vyake mara tatu na kutoona kitu, jambo lililomtia shaka zaidi.

"Damu ni ile ile," alisema. "Aliyeuza timu atauza na mke. Namsikiliza kwa adabu, halafu namwambia hapana."

"Hapo umesema," Jailos akaitikia.

Filemoni alikuja kesho yake baada ya ibada, amevaa koti jeusi, ameshika mfuko wa kitambaa kifuani. Asukile alimtazama miguu tangu akiwa getini. Kiatu cha kushoto kililika ukingo wa nje tu, na mtu mwenyewe alichechemea. Asukile akawaza moyoni, huyu anachechemea ili nimhurumie.

"Kamwene," Filemoni akaamkia kwa Kihehe.

"Karibu," Asukile akajibu kwa Kiswahili kikavu.

Waliketi. Filemoni alisema maneno yake kwa utaratibu, akitanguliza salamu za wazee wa Mlandege, akaeleza nia ya mdogo wake, akasema wako tayari kufuata mila za Kinyakyusa hata ng'ombe wa mwisho. Damari aliyasikiliza huku akitabasamu. Asukile hakutabasamu.

"Bwana Kalinga," alisema, "mimi sina ugomvi na kijana. Nina swali moja kwako. Mlandege walikupa nini mwaka ule?"

Damari akainamisha uso kwa aibu. Filemoni aliutazama mfuko wake, kisha akamgeukia Damari.

"Mama, samahani. Naomba maji ya kunywa, yale ya kisimani kama yapo."

Kisima kilikuwa mbali kidogo, kila mtu alijua, na mtungi umejaa pale kwenye kona. Damari aliuangalia mtungi, akamwangalia mgeni, akachukua ndoo akatoka. Hapo Asukile akaona mambo yote yamejipanga mbele yake. Mtu amemtoa mke wangu nje. Mtu ana mfuko. Sasa anataka kuninunua na mimi.

"Kama kuna kitu humo cha kunipa, kirudishe kwenu," alisema.

"Kipo," Filemoni akasema. "Lakini ni chako tangu zamani."

Akaufungua mfuko. Kilikuwa kiatu cha mpira, cha mguu wa kushoto, ngozi imekauka na kujikunja. Chini kilikuwa na njumu, vile vipande vya ngozi vya kuzuia kuteleza, vimepigiliwa misumari. Asukile aliijua kazi ya mkono wake kama mtu anavyoijua sauti ya mama yake.

"Tia mkono ndani, baba."

Asukile akatia. Vidole vyake vikagusa ncha. Zilikuwa sita, zimesimama wima kama miiba ya mchongoma, na kuzunguka ncha hizo ngozi ilikuwa nyeusi, ngumu, kwa kitu kilichokauka humo zamani.

Yule fundi akakumbuka yote kwa mara moja. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Timu ilikuwa imefikia Iringa kwa Walutheri, jirani na kanisa lao, Asukile akiwa fundi wake wa viatu, na njumu za kiatu cha Filemoni zilikuwa zimeng'oka njiani. Saa tisa watu wote walikuwa kanisani. Asukile alisingizia tumbo, akabaki na kiatu, maana kesho yake asubuhi kulikuwa na viatu vya watu wengine wanne vya kutengeneza. Lakini mwezi ule jina lake lilikuwa mbele ya baraza la kanisa lake, linafikiriwa kwa uzee wa kanisa, na mtu gani angemchagua Mkristo aliyepigilia misumari saa tisa ya Ijumaa Kuu, saa ile ile Bwana alipokata roho msalabani? Kwa hiyo alikivika kile chuma chake cha kugongea, kinachoingia ndani ya kiatu, kipande cha blanketi kilichokunjwa mara nne, ili nyundo isisikike kanisani. Haikusikika. Ila msumari hupinda ncha kwa kukutana na chuma, na siku ile ulikutana na blanketi. Akafunika kwa soli nyembamba ya ndani, asitie hata mkono kupima, kwa haraka ya kumaliza kabla watu hawajatoka.

"Mvua ililainisha ile soli," Filemoni alisema taratibu. "Kipindi cha pili nilikuwa nakanyagia misumari. Ule mpira ulipokuja niliegemea mguu huu, basi."

"Kwa nini hukuvua?" Sauti ya Asukile ilikuwa ndogo. "Ungecheza pekupeku!"

"Ningevua, mngeona damu. Mchungaji aliyetupokea alikuwa amesimama pale kando. Angeuliza kiatu kilipigiliwa lini, na nani, na habari ingefika baraza lenu. Wewe ulinishika mkono siku ile ya Ijumaa, ukasema, ndugu yangu, usimwambie mtu. Nikakuitikia."

"Na baiskeli?"

"Mjomba alinipa. Nilikaa hospitali wiki sita, sikuweza kutembea kwenda kazini." Akaukunja mfuko wake mtupu, kiatu akakiacha magotini mwa Asukile. "Mimi nimezoea kuitwa vile. Sikuja kulisafisha jina langu. Nataka jibu la mdogo wangu tu. Mengine yaache hapa hapa, baba, hakuna atakayejua."

Asukile akalia. Alilia kwa aibu tupu. Damari aliporudi na ndoo alimkuta hivyo, na mgeni amesimama mlangoni ameshika kofia.

"Mwambie Sekela anaolewa," Asukile akasema.

Ungedhani yameishia hapo. Filemoni alitaka yaishie hapo, na wiki nzima Asukile naye alijaribu kutaka. Alijiambia kwamba mtu mwenyewe amesamehe, binti anaimba jikoni, maziwa yamerudi kwenye chai, na wazee wa kanisa hawana haja ya kujua kiatu cha miaka tisa. Kisha Jumamosi ikafika.

"Nasikia umekubali," Jailos alisema hata kabla ya kuketi. Hakuwa na uso wake wa kawaida. Alikuwa anaangalia viatu vya Asukile.

"Nimekubali."

"Jumamosi iliyopita damu ni ile ile. Leo umekubali." Jailos akamkonyeza Edmund. "Damari alikutwa kisimani, mtungi wake umejaa nyumbani. Mgeni aliingia na mfuko akatoka bila kitu ndani. Sisi hatuulizi, fundi. Tunahesabu vidole tu."

Asukile aliwatazama mmoja mmoja. Miaka tisa alikuwa amewafundisha kazi hiyo, na walikuwa wameijua vizuri. Angeweza kuwatukana. Badala yake aliingia stoo, akatoka na kile kiatu, akakiweka mbele ya Jailos.

"Tia mkono."

Jailos akatia, akautoa haraka, akanyonya kidole. "Gwe! Shetani gani alipigilia hivi?"

Asukile akawaeleza. Aliwaeleza yote, blanketi, tumbo la kusingizia, saa tisa, mkono wa Filemoni alioushika. Hakuruka hata moja, ingawa alijua maneno hayo yangefika kanisani kabla yake kesho asubuhi. Alipomaliza alifungua mlango wa stoo, akafuta jina la juu kwa kiganja mpaka ubao ukang'aa. Akaokota chaki na kuandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Subiri kwanza," Edmund alisema kwa upole ambao hawakumzoea nao. "Hii ni orodha ya wachezaji. Wewe Radi hukuwahi kuichezea hata siku moja."

"Nilicheza siku moja," Asukile akasema, akaendelea kuandika. "Ijumaa Kuu."