Maganda ya Mama Mei

Juzi, kwenye mkahawa wa Wachina kule Saint Louis Park, niliona familia nzima ikisuuza vikombe kwa chai ya kwanza, babu mpaka mjukuu. Mhudumu akanieleza kwamba kwao Guangzhou, mji wa bandari kusini mwa China, ndiyo adabu ya mezani. Chai yangu ikanishinda.

Nilikuwa mtoto, tukiishi Fridley, mji usio mbali na hapo. Jirani yetu Mama Mei, mzaliwa wa Guangzhou, alikuja kwetu mchana mmoja. Mama alikuwa amesugua vikombe mpaka vinang'aa. Mama Mei akakisuuza chake kwa chai yetu ya iliki, akaimwaga kwenye kisahani, mbele ya macho yetu.

"Anatuona wachafu!" nilimnong'oneza mama.

"Hebu nyamaza," akasema, lakini niliona alivyoinamisha uso.

Damu ilinichemka. Dirishani kwake palikuwa na chupa ya maganda ya machungwa, makavu, meusi, yananuka kama dawa. Mchafu nani sasa? Nilipotumwa kumrudishia bakuli lake, niliikwapua ile chupa, nikaitupa kwenye pipa la taka nje, nikarudi kwa maringo. Sikujua kwamba maganda yale hutiwa kwenye supu, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyothaminiwa.

Wiki iliyofuata alikuja tena, macho mekundu. Akamwambia mama kwamba maganda aliyoyakausha marehemu mama yake yamepotea. Kisha akasuuza kikombe chake, akavuta na changu, akakisuuza taratibu, akanimiminia chai.

Nikajisemea moyoni: huyu bado hajakoma.