Papai Alilolikataa Shangazi

Katika utoto wangu, kwetu Mtongwe, mbuzi mwenye mimba hakusifiwa. Ukimwona amenona na tumbo limeshuka, ulinyamaza, au ulisema mashallah ukapita zako. Babangu alimfunga kila jike kitambaa cheusi shingoni, na nilipomuuliza sababu aliniambia kuna watu wana jicho. Wakikitazama kitu kizuri, kitu hicho huharibika, hata kama wenyewe hawakukusudia. Nilikuwa darasa la tatu, na niliyaamini hayo kama nilivyoamini kwamba maji ya bahari yana chumvi.

Shangazi yangu Mejumaa, dada wa babangu, ndiye aliyewatunza mbuzi wetu. Aliachwa na mumewe kwa kukosa mtoto, akarudi nyumbani, akapewa chumba cha uani karibu na banda. Jike akishikwa na uchungu, shangazi alipiga magoti kwenye samadi kavu, akampokea mtoto kwa mikono mitupu, akamfuta pua na kumpulizia. Kondo la nyuma alilibeba kwa mikono hiyo hiyo, akalizika nyuma ya banda. Vumbi la mahali pale likipeperushwa na upepo lilifika mpaka kwenye kamba za nguo.

Mwaka ule, mvua kubwa zilipokwisha, mbuzi walianza kutupa mimba. Wa kwanza tulidhani amepigwa pembe na mwenzake. Akafuata mwingine, na mwingine. Vitoto vilitoka vimekamilika, vina manyoya na kwato laini, lakini havina uhai. Shangazi alivipokea vyote, akavizika vyote.

Kisha babangu akaugua. Ilikuwa homa ya jasho la kulowesha godoro, na kichwa kilimuuma nyuma ya macho hata hakutaka dirisha lifunguliwe. Zahanati walimpima malaria wakasema hana, halafu wakampa dawa za malaria vivyo hivyo. Kabla hajainuka, mamangu, ambaye alikuwa na mimba kubwa, akashikwa na homa kama ile. Mtoto akazaliwa amekufa. Alikuwa wa kiume. Walimzika asubuhi, nami sikuruhusiwa kumwona.

Jirani yetu, Bi Riziki, ndiye aliyeyaunganisha mambo. Alisema bombani, mbele ya watu, wala hakunong'ona: kwanza mbuzi, sasa mke wa kaka yake Mejumaa, na ni nani aliyekuwa akiyatazama matumbo yote hayo kila siku? Mwanamke asiye na mtoto. Haukupita muda, wanawake wenye mimba wakawa wanavuta kanga kufunika matumbo shangazi akipita, na watoto wakakatazwa kupokea kitu kutoka mkononi mwake.

Shangazi hakubadilisha njia. Alipita katikati ya barabara, akamsalimia kila mtu kwa jina lake, na asiyemwitikia alimsalimia tena kwa sauti kubwa zaidi.

Siku moja baada ya sala ya alasiri alikuja Baba mkubwa Hamisi, kaka mkubwa wa babangu na wa shangazi, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Walikalishwa kwenye jamvi uani. Walizungumza kwa upole, na upole wao ndio ulionitisha. Walisema kuna mganga atakayekuja na papai. Atalisomea maneno, na kila mtu wa nyumba atakula kipande. Msafi humeza akaendelea na shughuli zake. Mchawi huvimba mdomo, akakabwa koo mbele ya watu wote. Baba mkubwa akasema hata yeye atakula, ili isionekane kwamba anaonewa mtu. Lakini sote tulijua papai lilikuwa la nani.

Shangazi alikuwa kwenye kigoda akichambua mchicha. Hakuuweka chini.

"Papai nitalila siku nikiwa na njaa," akasema. "Sitalila kwa kuitwa mchawi na ndugu yangu wa tumbo moja."

Baba mkubwa akamwambia kwamba asiyekula kiapo amejihukumu mwenyewe, na kwamba ni bora aondoke kwa heshima kabla vijana wa mtaa hawajamwondoa. Hilo halikuwa tishio la bure. Sote tulikuwa tumesikia habari za wazee waliochomewa nyumba kwa maneno kama hayo. Kisha akamgeukia babangu, mwenye mji, aliyekuwa ameegemea nguzo amejifunika shuka mchana wa jua kali. Babangu aliitazama ardhi. Hakuwa mtu mbaya. Homa na msiba vilikuwa vimemkausha, na nadhani alikuwa ameshaamini nusu. Akafungua mdomo, na mpaka leo nina hakika alitaka kusema aende.

Hapo mamangu akatokea mlangoni. Alikuwa hajatimiza arubaini yake, hakutakiwa hata kutoka chumbani. Alikuja ameshika ukuta.

"Shemeji, aliyekufa ni mwanangu," alisema. "Nimembeba mimi, nimemzaa mimi. Kama kuna mtu wa kumshitaki wifi yangu, ni mimi, nami simshitaki. Akitoka yeye kwenye ua huu, natoka naye, na huyu binti yangu namchukua."

Mmoja wa wazee akamwambia taratibu kwamba ni uchungu unaosema, kwamba hajui aliyemtenda hivyo.

"Kweli, sijui," mamangu akamjibu. "Na nyinyi hamjui. Ila mimi sisemi kwamba najua."

Waliondoka bila kunywa kahawa.

Siku chache baadaye mamangu alimkuta shangazi ameanguka bandani, nguo zimeloa jasho, anatweta. Ikajulikana kwamba alikuwa akiugua muda wote ule, pengine kabla ya babangu. Mamangu akamuuliza kwa nini alijificha. Alijibu kwamba angesema, wangesema uchawi umemrudia mwenyewe.

Mamangu akawachukua wote wawili, mume na wifi, akawapeleka hospitali ng'ambo ya kivuko. Huko daktari mmoja wa kike aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: nyumbani mnafuga nini? Alipoambiwa mbuzi, na kwamba wametupa mimba, akataka kujua nani huwazalisha. Walitolewa damu, nayo ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yalichelewa sana, lakini yalikuja. Ilikuwa homa ya Q. Ni bakteria wanaoishi ndani ya mbuzi, kondoo na ng'ombe, na hujaa kwenye maji ya uzazi na kondo la nyuma. Vikikauka huwa vumbi, na mtu huvuta hewa tu akaugua. Mimba za mbuzi huharibika, na za wanadamu pia. Babangu alipona kwa vidonge. Kwa shangazi ugonjwa ulikuwa umeingia mpaka kwenye moyo, na alimeza dawa kwa zaidi ya mwaka.

"Ugonjwa wenyewe umepewa herufi moja tu, tena herufi ambayo Kiswahili hakina," alimwambia mamangu. "Mimi mtaani nimepewa majina mangapi?"

Hakuna aliyekuja kumtaka radhi. Bi Riziki aligeuza maneno, akasema basi ni shangazi aliyewaambukiza mbuzi. Baba mkubwa alituma mguu wa nyama siku ya Idd. Shangazi aliupika, akaula, hakumshukuru. Yuko hai hadi leo, na bado anafuga. Huzalisha mbuzi wake akiwa na glavu na kitambaa puani, na mwanamke mwenye mimba akisogea bandani, shangazi humfukuza kwa matusi, akina Bi Riziki waseme watakavyo.

Nikiwasimulia watu kisa hiki husema sayansi iliushinda ushirikina. Mimi nakataa. Majirani zetu hawakuwa wajinga. Waliona, kabla ya zahanati, kwamba matumbo ya mbuzi na tumbo la mamangu yaliguswa na kitu kimoja, na katika hilo walikuwa sahihi. Walikosea walipotaka kitu hicho kiwe na uso, wakachagua uso wa mtu waliyedhani hana wa kumtetea. Na majibu ya damu hayakumwokoa shangazi, kwa sababu siku ya papai hayakuwapo.

Mwaka jana nilimuuliza mamangu kama siku ile hakumshuku shangazi hata kidogo. Mamangu bado anaamini jicho lipo. Huwezi kumwambia kitu.

"Wallahi nilimshuku," akasema. "Nilikuwa nimelala pale ndani nawasikia, nami namshuku. Nikaona nikikaa kimya mpaka waondoke naye, nitakuwa nimemfukuza mimi."

Nimewajua watu wengi waliomtetea mtu wakiwa na hakika naye. Mamangu alitoka akiwa na shaka.