Kigoda cha Babu Kilinyamaza

Kila ninapopita Itumbe, harufu ya majani ya chai yanayokaushwa kiwandani ikinijaa puani, hasira yangu ya utotoni huamka. Nina watoto wangu sasa, na bado sijapoa.

Chai yetu ilikuwa mikononi mwa Shangazi Kemunto, dada yake baba. Ndoa yake ilivunjika kabla sijazaliwa, akarudi nyumbani, na ni yeye na babu walioufyeka mteremko ule na kuupanda chai, mche baada ya mche. Likizo zote tulichuma naye, mimi na binamu zangu, vikapu mgongoni, umande ukitulowesha hadi kiunoni. Ili tusilalamike, alitutungia hadithi.

Ilikuwa ya binti mfalme Kwamboka, ambaye ami yake alitaka kumnyang'anya kiti cha enzi baada ya mfalme kufariki. Sisi Wakisii hatukuwahi kuwa na wafalme, kwa hiyo jumba la Kwamboka lilikuwa na mabati mapya na tangi la maji, na walinzi wake walivaa gambuti. Alivuka misitu yenye chui wanaozungumza. Lakini kilichotushika hasa ni kile kiti, kigoda cha mti tu. Angekikalia mtu asiye na haki, kingelia kwa sauti, na nchi nzima ingejua.

"Kimelia?" tulimuuliza kila asubuhi.

"Bado. Ami anakizunguka tu, anaogopa. Nyinyi chumeni! Majani mawili na chipukizi, na wewe uache kunijazia majani magumu."

Kisha babu akafa. Naye alikuwa na kigoda chake, ambacho hata paka alifukuzwa akikipanda. Tulipomaliza mazishi, wazee waliketi uani, na baba mkubwa, aliyeishi Nakuru na kuja nyumbani Krismasi tu, akatangaza kwamba chai itagawanywa kati yake na baba yangu.

"Na Kemunto je?" akauliza mama mmoja jirani.

"Kemunto tulimwoza. Shamba lake liko huko kwa mume."

Mume gani, jamani? Yule aliyemfukuza? Baba mkubwa akakivuta kigoda cha babu, akakikalia kwa uzito wake wote.

Nilizuia pumzi. Nawaambia kweli, niliusubiri ule mti ulie. Haukutoa hata mlio mdogo.

"Mbona hakilii?" nikapaza sauti.

Mama akanifinya paja. Shangazi, aliyekuwa akiwamiminia wazee chai, alinitazama, kisha akaenda kwa kikombe kilichofuata. Baada ya wiki chache alihamia Ogembo kuuza ndizi, na hadithi ya Kwamboka haikuisha.

Kwa muda mrefu nilikichukia kigoda kile. Nilikipiga teke kila nilipopata nafasi, nikiamini ndicho kilichomsaliti. Ilinibidi niwe mtu mzima ndipo nielewe kwa nini Shangazi alikipa kiti sauti: aliwajua watu wake. Wote pale uani walijua ni nani aliyeipanda chai ile. Baba yangu, ambaye nusu ya chai ilimwangukia, alijua kuliko wote. Alikuwa ameketi karibu kabisa na dada yake, ameinamisha kichwa, akipuliza kikombe alichomiminiwa naye.