Cheti cha Miaka Mitatu

Nyumbani kwa mama yangu, Kigombe, kuna ukuta mmoja wa sebuleni ambao siwezi kuutazama kwa muda mrefu. Una picha ya Kaaba, una kalenda ya zamani ya duka la magodoro, na katikati yake kuna cheti changu cha ufundi wa mitandao ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Nilikichapisha mwenyewe kwenye karatasi nzito ya kadi za harusi, kwa sababu wenye mtihani walinitumia kwa barua pepe tu, na mama asingeelewa cheti kinachokaa ndani ya simu. Siku alipokitundika alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani akasoma dua, akafukiza ubani, majirani wakala kaimati. Mwalimu alikishika kwa mikono miwili akauliza ni cha nini. Mama akajibu kabla yangu: "Cha kuwaunganisha watu."

Hakuuliza kinaisha lini, maana hakuwahi kusikia elimu inayoisha. Lakini vyeti vya aina hii huisha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna tarehe. Ikipita miaka mitatu unarudi kwenye mtihani, la sivyo unabaki na karatasi. Nililijua hilo siku ile ile, nikaendelea kutafuna kaimati yangu.

Nilijua pia jambo baya zaidi, nalo ni namna nilivyokipata. Maswali ya mtihani yalikuwa yamevuja, tukawa tunarushiana kwenye simu pamoja na majibu yake. Nikayakariri usiku na mchana kama mtoto anavyokariri juzuu asiyoijua maana. Nilipoketi mbele ya kompyuta ya mtihani sikuhitaji hata kusoma. Niliyatambua maswali kwa sura, nikabofya. Nikafaulu kwa alama ambazo hata mimi nilizionea haya.

Miaka ile cheti kilikuwa ndio mlango. Kampuni yetu pale Tanga mjini ilikuwa ndogo, inafunga mitandao ya maofisi na hoteli za ufukweni. Wauzaji wa vifaa waliipa heshima kampuni yenye mafundi wa vyeti, na kila tenda ilidai nakala. Bosi akanipandisha cheo, akatundika nakala ya cheti changu mapokezi ili wateja wasome wakisubiri. Nikaanza kutembea polepole kama mtu mzito. Kazi ikinishinda, nilikuwa najifungia chooni kutafuta majibu kwenye simu, kisha natoka nimekunja uso. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa natembezwa na karatasi.

Kilipoisha mara ya kwanza nilikihuisha kwa njia ile ile. Mara ya pili nikakuta mtihani umebadilika. Wanakuwekea mtandao mbovu kwenye kioo, wanakuambia utengeneze, basi. Hapo kukariri hakusaidii kitu. Nilikaa pale nikiutazama ule mtandao nao ukinitazama, muda ukaisha, nikafeli. Ofisini nikasema mtihani umeahirishwa. Sikurudi tena kuufanya, na hakuna aliyeniuliza.

Na dunia nayo haikunisubiri. Vifaa vipya vikaja vinavyojipanga vyenyewe, mtu anavisimamia kwa simu akiwa kitandani. Kazi nyingi za wateja zikahamia kwenye kompyuta za mbali ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuziona. Tenda zikaanza kuuliza umefanya kazi gani na wapi, si una karatasi gani, na vijana wa fani yetu wakawa wanasema vyeti ni mapambo ya ukutani. Mtu mwenye cheti kilichooza angefurahia maneno hayo. Mimi yalinitia hofu, nikazidi kung'ang'ania. Katika kila kikao mimi ndiye niliyekuwa nikigonga meza na kusema, asiye na cheti hatumwajiri.

Hapo ndipo alipokuja mtani.

Baba yake aliletwa kutoka Tabora akiwa kijana kukata mkonge, akazeekea huko huko kambini, upande wa Muheza. Ni Wanyamwezi, Wakatoliki wa kanisani kila Jumapili, na sisi watu wa pwani ni watani wao tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana na hukasiriki; ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Mama alikuwa akipeleka samaki wa kukaanga kambini kwao, na yule mzee alikuwa akifunua tenga, ananusa, anaitangazia kambi nzima kwamba samaki hawa wamekufa kabla ya uhuru. Mama anamjibu kwamba mtu wa bara atajuaje samaki, wakati kwao maji wanayaona mtungini. Wakishamaliza kutukanana mzee ananunua, na mama anamwongezea wa bure.

Binti yake, ndiye huyu mtani wangu, ananizidi miaka miwili. Likizo nilipomfuata mama kambini alinishinda mbio, akanishinda bao, na kunicheka akanicheka. Tulipokua, yeye akapata ukarani katika ofisi ya shamba la mkonge. Mafundi wa mjini walikuwa wakiitwa hawafiki, kwa hiyo akaanza kutengeneza mwenyewe, mwanzo printa, kisha waya, mwisho mtandao mzima wa ofisi ukawa ni kazi ya mikono yake. Cheti hakuwa nacho hata kimoja cha fani hiyo.

Kampuni yetu ilipotangaza nafasi ya fundi, alinipigia simu. Safari hiyo hakutania sana. Shamba lilikuwa linapunguza watu na jina lake limo. Nyumba waliyokuwa wakikaa ni ya shamba, na mguu wa mzee ulikuwa umeharibika, kila wiki lazima aende kliniki.

"Mtani," akaniambia, "nikipata hii kazi nampangia baba chumba hapo mjini. Nikiikosa, itabidi nimpeleke Tabora kwa watoto wa ndugu zake, watu ambao hata sura yake hawaijui. Alitoka huko hajaota ndevu."

Nikamwambia aje, mimi nipo.

Siku ya usaili mtandao wa ofisi yetu ulikuwa umekufa tangu asubuhi. Mafundi wa mitandao, na wa kwetu hauendi! Nilikuwa nimezima na kuwasha kila kitu, nikamwambia bosi tatizo liko kwa wanaotuletea intaneti, tusubiri. Tukaanza usaili hivyo hivyo, bosi, ofisa utumishi na mimi. Zamu ya mtani ilipofika, bosi alimwuliza kwa mzaha kama anaweza kutuokoa. Akaomba aone swichi, lile boksi linalounganisha waya zote. Akasimama mbele yake bila kugusa kitu, anatazama taa tu.

"Taa zote zinapepesa pamoja," akasema. "Kuna waya umejirudia."

Akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole mpaka akaupata. Mtu wa usafi alikuwa amekuta ncha ya waya imelala sakafuni, akaona vibaya, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi. Waya ule ukawa umetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ile ile, na kila kilichotumwa kikawa kinazunguka humo humo mpaka boksi likazidiwa. Akauchomoa. Mtandao ukarudi kabla bosi hajamaliza kusema "ehee". Mimi nilikuwa nimepita mbele ya waya huo asubuhi nzima.

Akageuka, akaniona nilivyosimama, akafanya ambalo mtani yeyote angelifanya.

"Mtani, nilipokuwa nasubiri pale mapokezi nimekisoma cheti chako. Kimekwisha tangu mwaka juzi. Kishusheni jamani, wateja wasije wakadhani ni tangazo la kifo."

Bosi alicheka mpaka akafuta macho. Ofisa utumishi naye akacheka. Hata sasa naliona wazi lililokuwa likinisubiri: alikuwa ameniachia mlango. Nilichotakiwa kufanya ni kumrudishia moja, nimwambie Mnyamwezi amejifunza lini kusoma tarehe, tucheke wote, ukweli upite katikati ya kicheko bila kumuumiza mtu, twende tukanywe chai. Ndiyo kazi ya utani. Nilikulia ndani yake, naujua.

Nikakasirika. Nikamwambia kwa Kiswahili cha ofisini, "Tafadhali, hapa tupo kwenye usaili." Kicheko kikakatika. Aliniangalia kidogo, akasema samahani, akaketi.

Alipotoka nikajaza fomu yangu. Niliandika: hana cheti kinachotambulika. Nikaongeza: hana heshima kwa wakubwa wake wa kazi. Bosi aliisoma akakuna kichwa.

"Lakini lile tatizo amelipata upesi."

"Amebahatisha," nikasema.

"Haya. Wewe ndiye mwenye taaluma."

Nafasi akapewa kijana aliyeleta cheti kipya. Nilijua alivyokipata, kwa sababu maswali ya kukariri aliyapata kwangu. Mtani alinipigia simu siku mbili mfululizo sikupokea. Ya tatu nikamtumia ujumbe kwamba nafasi imejazwa. Akajibu, "Sawa mtani. Ahsante kwa kunijulisha." Mwezi haukwisha, mzee akapandishwa basi la Tabora na begi moja.

Mama alizisikia habari kutoka kambini. Nilipokwenda kumsalimu akaniuliza, mikono ikiwa ndani ya unga: "Ati mtani wangu amerudi kwao? Na yule binti si alikuja kwenu kuomba kazi?"

"Hakuleta vyeti, mama."

"Vyeti gani?"

Nikaonyesha ukutani kwa kidevu. Mama akakitazama kile cheti, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mzembe yule binti. Mzee wa watu amehangaishwa kwa uzembe wake. Na wewe mwanangu utafanyaje? Kazi ina taratibu zake."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sebule ilikuwa kimya, tulikuwa wawili tu. Niliomba maji ya kunywa. Tangu siku ile, kila mzee alipotajwa mama alimlaumu binti, na mimi nikamwacha amlaumu. Alifariki mwaka huu akiamini hivyo.

Kwetu watani hawasubiri kualikwa msibani. Huja kumwigiza marehemu, kumsema, kuteka kitu chake na kukishikilia mpaka wafiwa wakikomboe, na kwa njia hiyo watu waliolia siku tatu hupata kucheka. Siku ya kuondoa matanga shangazi zangu walikuwa wanaulizana, jamani, huyu hana mtani? Mtani wake mkubwa yuko Tabora, mgonjwa. Nilikuwa nimeketi nje barazani na wanaume niliposikia sauti ya mama.

Si kwamba nimechanganyikiwa. Ilikuwa ni ile sauti aliyokuwa akiitia mtaani, anavuta neno "samaaaki" na kulikata ghafla kama aliyekanyaga mwiba. Wanawake wakapiga ukelele, kisha wakacheka, kisha wakalia upya. Nikachungulia. Mtani alikuwa katikati ya sebule amejifunga kanga ya mama, tenga la mama kichwani, anatembea kwa kuegemea upande wa kushoto kama alivyotembea mama. Alifunua tenga, akanusa, akatangaza kwamba samaki hawa wamekufa kabla ya uhuru. Alikuwa akisema maneno ya baba yake kwa niaba ya baba yake. Shangazi mkubwa alicheka akakaa chini. Sijui niseme vipi, lakini kwa dakika chache zile mama alikuwepo.

Akalikumbatia tenga akasema halimtoki mkononi mpaka likombolewe. Shangazi akaniita kwa sauti: "We! Njoo umkomboe mama yako!"

Nikaingia. Nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni. Naapa nilikuwa nalitaka tusi lake kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kwa mtu. Cheti kilikuwa juu ya kichwa chake, ndani ya fremu yake ya dhahabu, na tarehe chini yake. Aliijua, na siku ile alikuwa na haki ya kukitungua, kukipitisha mbele ya shangazi zangu wote, kuwauliza kimezikwa lini. Aijuaye aibu ya maiti ni mwosha, na yangu, mle ndani, aliijua yeye peke yake. Kama angeisema mbele ya watu, nami ningepata pa kuanzia. Ningeweza kusema, ni kweli, na lingine nililolifanya ni hili.

Alikitazama cheti. Kisha akanitazama mimi. Akalishusha tenga, akafungua ile kanga akaikunja vizuri, akaiweka ndani yake, akanikabidhi vyote kwa mikono miwili. Hakudai kitu. Shangazi mkubwa akanitazama mimi, si yeye, maana mtani hasamehe ukombozi bure bure, lazima umemfanya neno.

Akapiga goti kidogo, yeye aliyenizidi miaka miwili.

"Shikamoo, bosi," akasema. "Pole kwa msiba."

Na mimi, mbele ya ukuta ule, nikaitikia: "Marahaba."